Changarawe ya Kukopa

Walisema sitaweza. Ninaanza na maneno yao kwa sababu nimeyabeba miaka mingi, na sasa nimestaafu nina nafasi ya kuyatua.

Tonton Lwaboshi, mdogo wa baba yangu, alisema mbele ya ukoo mzima kule Nyantende: "Huyu mutoto amekaa Bulaya miaka munane, na sasa anarudi kutuambia iko munganga wa samaki. Samaki mugonjwa anahitaji munganga? Anahitaji mafuta ya moto!" Walicheka mpaka mbuzi wakageuka kututazama. Papa Bahati, seremala wa avenyu yetu pale Muhumba, aliniuliza homa ya samaki ninaipimia wapi, ku kwapa ao ku mukia. Naye Maman Furaha, aliyeuza chumvi kwa kikombe katika soko la Nyawera, alihesabu kwamba nitadumu miezi mitatu, halafu nitakuja kumwomba nusu ya meza yake niuze nyanya.

Nilidumu zaidi ya miaka ishirini. Ninawaandikia ninyi vijana mnaobaki katika nyumba ya samaki, mjue mambo ambayo hayamo katika daftari la kazi. Humu msitafute mshahara wangu wala vyeo vyangu. Vyeo nilivipata, na niliyevipata ni mimi, lakini cheo hakijawahi kumponya samaki hata mmoja.

Nilikwenda Ulaya kama mpishi wa familia ya wazungu. Waliponichoka hawakunirudisha, nami sikuomba. Nilipata kazi ya kuosha vioo katika duka la samaki wa mapambo, kwenye mji wa bandari ambako mvua hainyeshi bali inaning'inia. Mchana niliosha vioo, jioni nilikwenda shule. Hakuna aliyenilipia wala aliyenisukuma. Katika darasa lile la watu kumi na wanne nilikuwa mweusi peke yangu, na nilipata diploma ya utunzaji wa samaki nikiwa wa tatu. Wa kwanza na wa pili baba zao walikuwa na maduka.

Nilirudi Bukavu na diploma, kipimajoto cha kioo, na mpira mmoja mrefu wa kufyonzea maji. Nikakuta majina ya Kikristo yamefutwa. Diploma yangu imeandikwa Dieudonné, na serikali ilikuwa inanijua kama Sitwayeni, yaani raia, Mushagalusa. Kwa hiyo kila nilipoionyesha karatasi ile ilibidi nieleze kwamba yule aliyesoma na huyu anayesimama hapa ni mtu mmoja. Wengine hawakuamini, na ziko siku ambazo mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Nyumba ya samaki ilikuwa karibu na ziwa, na ndani yake akwariumu thelathini zilizopangwa kwa ngazi tatu. Samaki wenyewe hawakutoka katika ziwa letu la Kivu. Walivuliwa Tanganyika, wadogo wa rangi, wanaokaa kwenye mawe. Walipanda kutoka Uvira kwa kamyoneti ndani ya mapipa, wakapumzika kwetu wiki tatu au nne, wakatibiwa, wakanenepa, kisha wakapita Mudaka kwenda kiwanja cha Kavumu kupanda ndege. Nchi yetu ilikuwa inauza samaki kwa watu wasiotaka kuwala. Tonton Lwaboshi hakulielewa jambo hilo hadi kufa kwake, na sikumlaumu.

Mwenye nyumba alikuwa mzungu mzee, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya akwariumu nikamtajia majina ya Kilatini ya samaki wote, ngazi ya juu hadi ya chini, bila kukosea hata moja. Alisubiri mpaka nikamaliza. Akachota maji kwa kikombe, akanipa.

"Nusa," alisema.

Nikanusa. Nikamwambia yananuka maji.

"Utakapoweza kuniambia zaidi ya hapo, ndipo utakuwa umeanza kazi."

Nilikasirika wiki nzima. Leo ninawaambia ninyi neno lilelile. Maji mazima yananuka udongo baada ya mvua. Maji yanayoanza kuua yananuka zizi la mbuzi, kwa mbali sana, na pua itakuambia siku moja kabla ya macho.

Mwalimu wangu wa pili hakuwa na diploma. Papa Ramazani alikuwa mvuvi na mfanyabiashara wa Uvira, Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao walitoka pwani na misafara. Yeye ndiye aliyetuvulia samaki. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na birika la saruji ambamo aliwaweka siku chache kabla ya kuwapandisha Bukavu. Samaki wake walifika wazima kuliko wa mtu yeyote, na kwa muda mrefu nilidhani ni bahati. Ndiye aliyenifundisha chumvi.

"Weye umesoma dawa za machupa," aliniambia. "Mimi nina dawa ya gunia. Watu wanajua chumvi inatunza samaki mufu. Hawajui inatunza na muzima, kama unaipima."

Kuipima ndiyo kazi yenyewe. Samaki akitokwa na madoadoa meupe kama unga wa semolina juu ya mapezi, chukueni chumvi ya mawe ya gunia. Ile laini ya pakiti iacheni jikoni. Kwa lita mia moja tulitia vikopo vinne vidogo vya nyanya, lakini si kwa pamoja: kimoja asubuhi, kimoja jioni, viwili kesho yake, na kila kimoja kiyeyushwe kwanza ndani ya ndoo. Punje ikimwangukia samaki inamchoma. Kambare na wengine wasio na magamba watoeni kwanza, hao chumvi hawaiwezi. Tena kumbukeni kwamba maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki nayo. Ongezeni maji matupu. Mwaka wa kwanza niliongeza maji na chumvi, maji na chumvi, mpaka Papa Ramazani alipoonja kwa kidole akaniuliza kama ninapika supu.

Kwa samaki mwenye wadudu wa ngozi kulikuwa na bafu ya nguvu: vikopo vitatu katika ndoo ya lita kumi, na samaki akae dakika chache tu, nawe usimwondolee jicho. Akilala ubavu, mtoe hapohapo. Sikuwa na saa wakati ule. Papa Ramazani alihesabu kwa Fatiha, mimi nikahesabu kwa Salamu Maria. Samaki hawakuonyesha tofauti.

Kisha serikali ikagawa mali za wageni kwa wananchi. Mzee wa miwani alifunga sanduku moja, akanipa ufunguo, akaniambia, "Vioo unaweza kuosha. Filtre za maji uziache." Akaondoka. Nyumba ilipewa sitwayeni mmoja wa Kinshasa ambaye hakuwahi kuiona. Aliniandikia barua ya mistari minne. Kulikuwa na shehena moja iliyokwisha kuagizwa Ulaya, samaki mia mbili na arobaini. Ikifika nzima, nyumba itaendelea na mimi nitakuwa mkuu wake. Ikifa, nyumba itakuwa depo ya bia.

Nilibaki peke yangu. Wafanyakazi wengine wawili waliona mshahara hauji wakaenda Kamituga kuchimba dhahabu. Asubuhi niliwasalimu samaki. Mchana niliongea na pampu. Jioni nilitembea hadi barabarani na kurudi. Watu wa avenyu walinisalimu "Sitwayeni Diploma" wakapita, na haki walikuwa nayo, maana tangu nirudi nilikuwa sijaongea na mtu bila kuitaja.

Samaki wa shehena walifika, nikawaweka katika akwariumu kumi na mbili; nyingine zilikaa tupu, zimekauka. Walikuwa wazuri. Wiki mbili zikapita.

Ikaja Jumamosi ya Salongo. Vijana hawaikumbuki vizuri. Jumamosi asubuhi kila mtu alitakiwa kutoka na jembe na ufagio asafishe mbele ya mlango wake, mifereji na barabara, na asiyefanya aliulizwa. Chef wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alipita nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa nimekata majani na kufagia mpaka jiwe la mwisho. Chef akaingia ndani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, akainua kifuniko cha filtre ya kwanza.

Kwa wale ambao hamjaanza kazi: filtre yetu ilikuwa sanduku la changarawe na sponji, pampu inavuta maji ya samaki yapite humo na kurudi. Ukiifunua unaona ute wa rangi ya kahawa, unateleza, na harufu yake ni ya kinamasi. Chef alirudisha uso nyuma.

"Sitwayeni Diploma! Hii ni nini?"

"Ni filtre, Chef."

"Bulaya banakufundisha kulaza samaki mu choo?"

Nje watu walikuwa wamesimama na mafagio. Nilisikia wakicheka. Papa Bahati alisema kwa sauti, "Chef, mumusamehe, ile uchafu iko na diploma!"

Chef alisema atarudi saa tisa.

Sasa andikeni hili vizuri, kwa sababu aliyelifanya hakuwa mjinga. Nilijua. Katika daftari langu la shule, kwa mwandiko wangu, nilikuwa nimeandika na kupigia mstari kwamba ute ule ni wadudu wadogo wasioonekana, na ndio wanaokula sumu ya mikojo ya samaki. Bila wao, maji yanayoonekana safi ni sumu tupu. Nilijua, na nilichukua maji ya javeli, yale makali yanayoua kila kidudu, nikafungua masanduku yote kumi na mawili, nikasugua changarawe mpaka ikawa nyeupe kama mchele wa Luberizi. Nikaisuuza mara tano, nikairudisha. Saa tisa Chef alirudi, akafunua, akanusa. Akawaita watu waje waone. "Njo usafi, sasa!" alisema. "Muige mufano ya huyu sitwayeni." Papa Bahati alitingisha kichwa kwa heshima. Ile jioni nilitembea hadi barabarani na kurudi, na watu watatu walisimama kuongea nami. Nilifurahi. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi.

Siku ya tatu pua iliniambia zizi la mbuzi. Siku ya nne samaki walikuwa juu, midomo nje ya maji, matamvua yakipiga haraka. Siku ya tano madoadoa meupe yalijitokeza, maana mwili uliochoka haukatai mgeni. Nilikuta kumi na mmoja wamekufa. Nilikaa kwenye kreti nikawahesabu tena, nikatumaini nimekosea hesabu. Sikuwa nimekosea.

Dawa nilizijua. Acha kulisha kabisa. Badilisha maji, theluthi asubuhi, theluthi jioni. Nilibeba ndoo kutoka ziwani hadi mabega yakapoteza hisia, kwa sababu maji ya ziwa yanafanana zaidi na ya kwao kuliko ya bomba. Lakini nilihitaji vitu vitatu ambavyo sikuwa navyo: chumvi, filtre kubwa, na uchafu. Kwa hiyo ilibidi nibishe hodi kwa watu walionicheka.

Wakati ule chumvi ilikuwa haipatikani Bukavu. Kamyo za chumvi, yale malori makubwa, zilikuwa hazipandi, na Maman Furaha, mwenye gunia la mwisho, alikuwa anapima kwa kijiko. Nilimwambia ninahitaji nusu gunia, nitalilipa kwa chumvi, si kwa maneno.

"Nusu gunia! Ya kukula na nani? Hauna hata bibi."

"Ni ya samaki, Maman."

Aliweka kijiko chini. Akawageukia wanawake wa meza za jirani. "Musikie, bamaman! Watu wanakula sombe bila chumvi, wazazi wanalilia chumvi, na huyu papa anataka kupeleka yangu ku samaki zenye ziko mu mai!"

Walicheka mpaka mmoja akaegemea vitunguu vya mwenzake. Nilisimama tu, na nadhani kwa sababu sikuitaja diploma, Maman Furaha alinitazama mara ya pili.

"Zinakufa?"

"Zinakufa, Maman."

"Na zikikufa zote?"

"Nyumba inakuwa depo ya bia. Na mimi nitakuja kuomba nusu ya meza yako."

"Ah, hapana. Nusu ya meza yangu sikupi." Akafungua gunia. "Chukua. Nitakuja mwenyewe kuona kama kweli haukuikula."

Papa Bahati hakunicheka. Alinipa pipa la lita mia mbili alilokuwa akichotea maji ya mvua, na nilipouliza ni wapi nitapata sponji, aliingia ndani ya nyumba yake akatoka na matela, godoro lile alilolalia. Alikata kipande cha upande wa miguu kwa msumeno.

"Mimi niko mufupi," alisema. "Sehemu hii haikunifaa."

Uchafu ulikuwa Uvira. Nilishuka na kamyo ya asubuhi, na jioni nilikuwa mbele ya birika la Papa Ramazani. Nilimwambia yote, na Salongo, na javeli. Nilitegemea atanitukana.

"Unataka nikukopeshe uchafu," alisema polepole.

"Changarawe ya birika, Papa. Ndoo moja. Jinsi ilivyo."

"Ile haijaoshwa miaka saba. Bibi yangu anaionea haya, wageni hawaonyeshwi." Alivua viatu, akaingia birikani, akachota kwa mikono. Changarawe ilitoka nyeusi, inateleza. "Haya. Lakini ni mukopo. Siku yako ikifika, utanirudishia ndoo moja chafu hivihivi. Ukiniletea safi, sitapokea."

Alinipa chumba cha kulala. Asubuhi alinifungia ndoo kwa kitambaa chepesi ili wadudu wapumue, akaniambia niilowanishe kila kamyo ikisimama, nisiiache juani. Niliiweka juu ya magoti yangu kama mtoto.

Kwenye barieri ya Kamanyola, kizuizi cha barabarani, askari alifungua kitambaa. Alitazama changarawe, alinitazama mimi, na akili yake ikaenda Mwenga, ambako watu hubeba mchanga kwa sababu moja tu.

"Wolo?" aliniuliza kwa Kilingala. Dhahabu?

"Hapana, Chef. Ni ya filtre. Ya samaki."

"Mutu hapakatake mawe ku magoti toka Uvira juu ya samaki. Leta beseni, tutaisafisha, tuone."

Aliita mwenzake alete maji na sabuni. Sabuni! Watu wa kamyo walianza kunung'unika kwamba ninawachelewesha. Nilitoa diploma kutoka ndani ya shati, nilikuwa natembea nayo ndani ya nailoni, nikamwonyesha muhuri. Akasoma kwa kidole.

"Dieudonné. Hii jina haiko tena mu Zaïre."

"Ni mimi wa zamani, Chef."

"Na mutu wa zamani anapita ku barieri ya leo namna gani?"

Nilikuwa nimemaliza karatasi zote nilizokuwa nazo duniani. Kilichobaki ni lile neno la kwanza la mzee wa miwani. Nikamwinulia ndoo.

"Nusa, Chef."

Akainama, akavuta pumzi ndefu. Alirudi nyuma hatua mbili, akafuta pua na mkono. "Peleka!" alisema. "Peleka hii kitu mbali!" Kamyo yote ilishangilia. Tangu siku ile, vijana, sijaitegemea diploma peke yake.

Saba wengine walikuwa wamekufa nikiwa safarini. Nilijenga filtre ndani ya pipa la Papa Bahati. Matela yake chini, juu yake changarawe nyeupe niliyokuwa nimeiua, na juu ya hiyo changarawe ya kukopa. Pampu moja ilipandisha maji ya akwariumu zote kumi na mbili humo, yakashuka kwa mipira. Chumvi ya Maman Furaha nikaipima kwa vikopo. Chumvi haiondoi ile sumu inayozaliwa filtre ikiwa changa. Inaifungia mlango pale kwenye matamvua, samaki apate kupumua wakati wadudu wa filtre wanaongezeka. Hizo ni kazi mbili, na kila moja inaisubiri nyingine. Mtu akiwaambia chumvi inatosha bila filtre, mwambieni akanywe maji ya bahari.

Siku iliyofuata walikufa sita. Siku ya pili wanne. Kisha wawili, kisha mmoja, na nikaanza kuogopa kutumaini.

Papa Bahati alifika jioni ya kwanza, saa kumi na moja, akitoka kazini, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisimama mbele ya pipa.

"Matela yangu iko inaendelea namna gani?"

"Inafanya kazi, Papa."

"Vizuri. Kwangu ilikuwa inalala tu."

Alikaa kwenye kreti mpaka giza. Kesho yake alirudi. Siku ya tatu akaja Maman Furaha kuikagua chumvi yake. Alichovya kidole, akalamba, akakubali kwamba sikuila. Alikuwa amebeba bugali na ndagala, dagaa wetu, katika sahani, akaweka kitambaa juu ili samaki wa kwenye vioo wasione tunachokula. "Ni heshima," alisema. Kuanzia hapo walikuja karibu kila siku, saa ileile. Nilinunua vikombe viwili, maana nilikuwa na kimoja. Papa Bahati aliwapa samaki majina ya wateja wasiomlipa. Maman Furaha alichagua mmoja mwenye mistari ya buluu, mkali, anayefukuza wengine, akasema ni yeye alipokuwa msichana. Mara moja kwa wiki Papa Ramazani alipanda na kamyoneti, akaingiza mkono ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko, akapapasa changarawe yake, akasema, "Bado iko hai."

Kila mmoja alikuwa anakuja kuangalia kitu chake. Sikuwahi kuwa na nyumba yenye watu tangu nilipotoka Nyantende kijana.

Wiki ya nne ute ulikuwa umefunika changarawe yote, ile nyeupe na ile nyeusi, hata nisingeweza kuzitenga. Maji yalinuka udongo baada ya mvua. Tulipakia samaki mia mbili na tisa, tukapita Mudaka, na ndege ikawachukua. Barua ya Kinshasa ilikuja na mistari miwili tu, na bia haikutajwa. Chef wa avenyu alirudi Jumamosi nyingine akataka kuinua kifuniko. Nilikaa juu yake. Nilimwambia usafi wa nyumba hii unaishia mlangoni, na Papa Bahati, aliyekuwa kwenye kreti, akamwambia, "Chef, mule ndani muko matela yangu. Chumba ya mutu habaingiake."

Yaliyofuata ni miaka ya vyeo, na nimeshasema vyeo sitaandika. Ninamalizia na siku niliyolipa.

Niliichagua mwenyewe, miezi michache baada ya ndege ile. Nilitaka nilipe wote kwa siku moja, ili jioni niweze kusema kwamba mimi, mwana wa Nyantende, niliyetoka Ulaya kwa mguu wangu, sidaiwi na mtu. Nilikuwa nimejenga filtre ya saruji, kubwa kuliko pipa, na uchafu ulihamia humo bila taabu. Mikopo mingine ukiirudisha unapungukiwa. Ule hapana. Unatoa ndoo, na iliyobaki inajijaza.

Asubuhi Papa Ramazani alileta samaki. Nilimkabidhi ndoo yake, imejaa, nyeusi, inateleza. Alinusa, akaitazama kwa muda.

"Ni chafu vizuri," alisema. "Lakini ulikuwa na haraka gani?"

Kamyo za chumvi zilikuwa zimeanza kupanda, kwa hiyo nilimpelekea Maman Furaha gunia, si nusu bali zima. Aliwaonyesha wanawake wa meza za jirani, akanisifu kwa sauti, nami nikasimama wima. Nilipogeuka kuondoka aliniuliza samaki wa mistari ya buluu. Nikamkumbusha kwamba alikwenda na ndege. "Ah," alisema. "Kweli." Akarudi kupima chumvi.

Papa Bahati nilimpa pipa lake nililolisugua, na matela mpya nzima, ya duka, ndani ya nailoni yake. Alizunguka matela ile mara mbili.

"Nani alikuambia mimi ninahitaji hii?"

"Ni haki yako, Papa."

"Ndiyo. Ni haki." Akanisaidia kuiingiza ndani. Tulishikana mikono kama watu waliomaliza biashara.

Nilirudi nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Nilifurahi njia nzima. Nilisuuza vikombe vitatu, nikaweka maji ya chai motoni, nikasogeza kreti mbili karibu na mlango ulio wazi. Filtre ilikuwa inafanya kazi vizuri. Maji yalichemka, saa kumi na moja ikapita. Nilingoja mpaka yakapoa, nikayachemsha tena.